Jino limeng'olewa, maumivu bado yapo. Taya langu linalia "ka!" kila nikifungua mdomo

MamaCherehani:

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma mjini, kibaraza changu kiko Majengo, sokoni unafika kwa mguu. Nina miaka 43. Hapa ninapoandika nimejifunga kitenge kuanzia kidevuni hadi utosini kama mgonjwa wa matubwitubwi, maana joto lake ndilo linalonipa nafuu kidogo.

Ilianza Desemba. Wenye cherehani mnajua Desemba ilivyo: sare za harusi hazijaisha, sare za shule zimeshaingia, na kila mzazi anataka ya mwanawe Ijumaa. Nilikuwa nafunga kazi saa 7 usiku. Nikawa naamka asubuhi mashavu yamechoka kama mtu aliyekesha anatafuna muwa. Sikujali. Baadaye nikaanza kusikia kitu kinaruka mbele ya sikio la kushoto. "Ka!" Na si mimi peke yangu niliyekisikia. Siku hiyo tunakula ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho hata kibogoyo anamaliza sahani, mwanangu wa kidato cha pili akaacha tonge hewani: "Mama, hiyo ni nini?"

Januari maumivu yakashuka kwenye magego ya chini kushoto, yakapanda sikioni, jioni yanafika kwenye kipaji. Nikaenda kwenye kliniki moja, sitaitaja. Aliyenipokea alinifungua mdomo, akaguna. Mimi ni mzaliwa wa Singida vijijini, meno yangu yana rangi ya kahawia tangu yaote, kama nusu ya darasa letu. Akasema, "Mama, haya yote yameoza, tuanze na hili linalokusumbua." Akaligonga na kile kichuma, akauliza linauma? Nikasema pote panauma. Picha hakunipiga. Nikatoa 30,000, gego likang'olewa.

Sasa sikilizeni. Nililiomba lile jino nikaondoka nalo. Nimeliosha, nimeligeuza juani, nimelitazama kwa ile lenzi ninayovalia kutunga uzi. Juu kahawia, mizizi mizima, tundu hata la kichwa cha pini hakuna. Nimelitia kwenye kikopo cha vifungo, sijui hata kwa nini. Wiki mbili baadaye kidonda kimepona, maumivu yako palepale. Niliporudi nikaambiwa basi itakuwa ni la jirani yake. Nikaaga.

Binti yangu tunalala chumba kimoja. Anasema usiku nasaga meno, "kama mtu anaburuta kiti kwenye sakafu." Jirani kasema ni minyoo, nimekunywa dawa ya minyoo mara mbili. Mwingine kasema nina mtu. Huyo sikumjibu.

Kubwa kuliko yote ni Jumapili iliyopita. Niko kanisani, katikati ya mahubiri nikapiga mwayo, mdomo ukagoma kufunga. Kabisa. Nikajifunika khanga usoni, nikawa nausukuma kidevu polepole huku machozi yananitoka. Mama wa pembeni akanipapasa mgongo, akidhani nimeguswa na neno.

Jambo jingine naliandika kwa aibu. Miaka 20 nakata uzi kwa meno, na pini nashikia mdomoni. Jino la mbele juu lina kipengo kidogo ambacho uzi unakaa sawasawa, kana kwamba kilichongwa kwa kazi hiyo.

Naomba kujua, taya linaweza kuuma likajifanya jino? Na sasa niende kwa nani, wa meno tena au wa masikio? Nyumba yangu inaendeshwa na mikono hii, siwezi kuwa nang'olewa gego kila mwezi.

---

Dereva_Nkuhungu:

Pole sana dada, hapo kanisani nimecheka lakini pole. Kusaga meno ni minyoo hiyo, bibi yangu alikuwa anatupa mbegu za maboga. Maumivu yakizidi ponda asprini uibandike kwenye ufizi, inaua palepale.

---

KijanaWaKondoa:

Mkuu hapo juu, asprini kwenye ufizi usimshauri mtu. Mimi niliibandika mwaka jana, asubuhi nyama ya ufizi ilikuwa nyeupe, inamenyuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Jino likaendelea kuuma na ufizi nao ukaanza.

Dada, mimi ni mlinzi wa usiku na mlio kama wako ninao. Kwangu iligundulika ni kahawa. Nilikuwa nakunywa vikombe sita hadi saa 10 alfajiri halafu nalala nimekaza meno. Nilipopunguza nilipata unafuu, ila sijui kama wewe unakunywa.

---

TabibuMstaafu:

Mwanangu MamaCherehani, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa. Nimefanya kazi ya kinywa na meno miaka 31, Manyoni, Mpwapwa, nikamalizia hapahapa Dodoma. Siwezi kukupima kupitia simu, ila habari yako naijua kama njia ya kwenda kwangu.

Weka kidole kimoja mbele ya tundu la kila sikio. Fungua mdomo polepole, funga. Kile kinachoteleza chini ya vidole ndicho kiungo cha taya. Kichwa cha mfupa wa taya hakigusani na fuvu moja kwa moja, katikati pana kisahani cha gegedu kinachosogea pamoja nacho. Kisahani kikiteleza mbele kidogo kuliko kawaida, ukifungua mdomo kinarudi mahali pake kwa kuruka, nawe unasikia "ka!" Watu wengi wanao mlio huo na wanazeeka nao salama. Mlio usio na maumivu, na mdomo unafunguka vizuri, huachwa ulivyo.

Sasa uma meno kwa nguvu huku kiganja kiko shavuni. Unausikia msuli unavyofura? Huo ndio unaokuumiza asubuhi. Ni miongoni mwa misuli yenye nguvu sana mwilini, na ukichoshwa una tabia ya kupeleka maumivu kwa jirani: magego ya juu na ya chini, sikio, kipaji. Kwa hiyo ndiyo, taya linaweza kuuma likajifanya jino, na linajifanya vizuri mno. Nakiri hapa mbele ya watu: miaka yangu ya mwanzo nami niling'oa meno ya namna hiyo. Mama mmoja alirudi kwangu mara tatu. Safari ya tatu hakutaka hata kukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni akaniuliza, "Daktari, unatafuta nini humo?" Tangu siku hiyo nilijifunza kushika mashavu ya mgonjwa kabla ya kushika koleo.

Jino bovu lina tabia zake. Ukinywa cha baridi au cha moto linauma na maumivu yanabaki hata ukishameza. Ukiligonga linauma lenyewe, jirani zake kimya. Usiku linakuamsha. Kwenye picha huwa linaonekana lina jambo. Maumivu ya taya ni mazito, yametapakaa, mgonjwa anaonyesha kwa kiganja kizima badala ya kidole, na yanazidi akitafuna au akiamka. Wewe umesema "pote panauma". Hilo lilikuwa jibu, ila halikusikilizwa.

Minyoo: dawa ya minyoo ni nzuri kwa minyoo. Kusaga meno usiku kunaanzia kwenye ubongo ukiwa usingizini, na kunachochewa na mawazo, uchovu, sigara, pombe, kahawa ya jioni, hata baadhi ya dawa za sonona. Desemba ya fundi cherehani inatosha kabisa, huhitaji kuwa na mtu.

Mchana nako kuna kazi. Meno hayakuumbwa kushinda yamegusana. Mtu asiye na tatizo, ukijumlisha kutafuna na kumeza kwa siku nzima, ni dakika chache tu meno yanakutana. Wewe ukiwa unafuatilia mshono mwembamba naamini umeyabana saa nzima bila kujua, shingo imeinama, pini mdomoni. Chukua kipande cha kitambaa chekundu ukibandike kwenye kichwa cha cherehani. Kila jicho likikiona, jiulize meno yako wapi. Yanatakiwa hivi: midomo imefungwa, meno yameachana, ncha ya ulimi imetulia nyuma ya meno ya juu kama unataka kutamka "n". Hakuna dawa iliyowasaidia wagonjwa wangu kuliko hiyo, na haiuzwi.

Kwa wiki mbili tatu lipumzishe taya. Mlenda wako endelea nao, uji, maharage yaliyoiva hasa, wali. Weka pembeni karanga, muwa, mahindi ya kuchoma, nyama ya mbavu, bigijii, na ule ubuyu wa kumung'unya unaouzwa kila kona ya mji wetu. Embe likate vipande, usiling'ate zima. Kitambaa cha maji ya moto shavuni dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ukande msuli kwa vidole taratibu. Kitenge chako hakikukudanganya. Mwayo ukikujia, weka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke kupita kiasi. Ibuprofen siku chache baada ya kula inasaidia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba, na usichanganye na diklofenaki kwa kuwa ni ndugu.

Nenda kwa daktari wa kinywa na meno, ndiye mwenye taya. Kwenye hospitali kubwa wapo. Mweleze mwayo wa Jumapili na mlio kabla hujamwambia habari ya jino. Akiona meno yameliwa kwa kusagwa anaweza kukutengenezea kinga ya kulalia, kiplastiki kigumu kinachovalishwa meno ya juu au ya chini, kwa kipimo cha mdomo wako. Kinga hiyo haikomeshi kusaga. Inayalinda meno na kuupunguzia msuli mzigo. Zile laini za wachezaji za dukani wengine wanazitafuna usiku kucha wakazidi kuumia. Na mtu akitaka kukusaga meno "kuyasawazisha", au kukuchoma sindano za kiungo siku ya kwanza, muulize kwanza kama hakuna linaloweza kujaribiwa likarudishwa nyuma.

Usisubiri ukiona uvimbe wa shavu au chini ya kidevu, homa, kumeza kwa shida, au mdomo haufunguki hata vidole viwili. Nenda siku hiyohiyo, huenda ni usaha. Mdomo ukigoma kufunga tena na usirudi kwa upole, nenda hospitali, mtu asiupige ngumi. Na kwa wazee wenzangu wanaosoma: taya linalouma ukipanda mlima au ngazi na kifua kinabana, hilo ni la moyo, msije kwetu kwanza.

---

BintiIramba:

Shikamoo tabibu. Mimi nimeshikwa na lile la rangi. Nami ni wa Singida, meno kahawia, shuleni Dar waliniita "kutu". Nimesugua na mkaa, majivu, mchanga laini, hadi magadi. Sasa yanapata ganzi nikinywa hata maji ya mtungini. Yameoza kweli?

---

TabibuMstaafu:

Marahaba binti. Acha kusugua leo. Si jioni, leo.

Rangi hiyo ni ya madini ya floridi kwenye maji ya visima. Singida, Shinyanga, Manyara, Arusha, huko kote kuna maeneo yenye floridi nyingi ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa yaliyozidi sana wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, mpaka kama miaka 8 hivi, yanaota na madoa meupe au ya kahawia. Rangi imo ndani ya jino, ndiyo maana mkaa haukuitoa. Ulichotoa ni gamba gumu la nje, na ganzi unayoisikia ndiyo hiyo. Daktari anaweza kuyafunika ya mbele kwa vifaa vya rangi ya jino. Mwenye meno ya kahawia anaweza kuoza kama mtu mwingine, lakini kahawia si uozo, na atakayeng'oa jino kwa rangi yake hajasomea nilikosomea.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, mswaki laini na dawa yenye floridi. Usishangae, ukubwani meno yameshaota, haiwezi kuyatia rangi, inayakinga. Tema povu, usisukutue na maji mengi. Ukitumia mswaki wa mti ni sawa, ila utafune ncha ilainike na ufike magegoni. Watu wengi wanaishia kwenye meno ya kucheka.

---

Mnyaturu_Halisi:

Tabibu, umesahau magadi. Nyumbani kwetu mlenda na maharage bila magadi hakuna. Na mke wangu anachemsha maji ya mtoto akiamini anaua hiyo floridi.

---

TabibuMstaafu:

Sijasahau, nilimwogopa mama wa nyumbani. Ni kweli, magadi ya baadhi ya sehemu yana floridi nyingi, na mtoto anayepewa mboga hiyo tangu aachishwe ziwa anaipata mara mbili, kwenye maji na kwenye sufuria. Kwa mtoto mdogo chota mboga yake kabla ya kutia magadi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi haifi. Maji yakipungua kwa mvuke floridi inabaki ileile kwenye maji machache zaidi. Maji ya mvua yana kidogo sana, ukiwa na bati safi na simtanki, hayo mpe mtoto. Kule Ngurdoto, Arusha, kuna kituo cha serikali kilichofanyia kazi miaka mingi uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa, si mkaa wa jikoni, nisije nikasikia mtu ameanza.

---

Dereva_Nkuhungu:

Nimefuta ya asprini moyoni. Na lile la mtoto mchanga akiharisha anatolewa "meno ya plastiki" nalo?

---

TabibuMstaafu:

Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe wanachokichimbua ni chonge la mtoto ambalo bado linajengeka. Nimepokea watoto waliotobolewa kwa spoku ya baiskeli, ufizi umeoza, damu haikatiki, na kuharisha kuko vilevile. Mtoto akiharisha mpe maji ya chumvichumvi (ORS) na umwahishe kituo cha afya. Mengine tufungulie mada yake, hapa ni pa mama wa watu.

---

MamaCherehani:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Tabibu, shikamoo, sasa naitoa.

Nilikwenda. Daktari ni binti mdogo, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilipokaa tu nikaanza na mwayo wa kanisani kama ulivyosema. Hakugusa kichuma chochote. Alinawa, akavaa glavu, akanishika mashavu yote mawili, akaniambia uma, achia, uma, achia. Alipobonyeza pembeni ya taya la kushoto nilimshika mkono bila kukusudia, na maumivu yakakimbilia palepale ambapo gego langu lilikuwa. Pasipo na jino! Nikaanza kucheka, naye akacheka. Picha ya taya zima ilipigwa, yaliyobaki mazima, isipokuwa tundu dogo upande wa kulia ambalo halikuwa linauma kabisa. Likazibwa.

Kinga ya kulalia ilinisumbua. Walinijaza mdomoni kitu kama unga wa chapati uliokandwa, nikauma, nikakaribia kutapika. Siku tano nikaambiwa iko tayari. Usiku wa kwanza niliikuta asubuhi chini ya mto, sijui niliitoa saa ngapi. Usiku wa nne ikakaa. Sasa binti anasema sauti imepungua, si kiti tena, ni kama panya yuko chumba cha pili. Kinga yenyewe ina mikwaruzo tayari, daktari aliniambia nisiogope, bora iliwe yenyewe.

Maumivu ya asubuhi yameisha karibu yote. Mlio upo. "Ka!" yangu ipo, haiumi, tumezoeana. Vidole vitatu vinaingia mdomoni wima, mwanzoni viliingia viwili kwa shida.

Kitambaa chekundu nilikibandika, na ndicho kilichonifundisha kwamba nilikuwa nimekaza meno hata nikiwa naongea na simu. Mkasi mdogo nimeutundika shingoni kwa kamba. Lakini tabia ya miaka 20, jamani. Mwanafunzi wangu wa kazi nimempa ruhusa anitoze 500 kila akiniona nakata uzi kwa meno, na anatoza kwa furaha kweli, ana kopo lake. Mpaka jana nilikuwa nimefika 6,500. Daktari alisema kile kipengo cha jino la mbele ataweza kukijaza, ila si kabla kopo halijakaa mwezi mzima bila kuingia kitu.

Lile gego bado liko kwenye vifungo. Juzi kuna baba mmoja alikuwa anachagua vya koti, akaibuka nalo kiganjani, akalinyanyua juani, akaniuliza kifungo hiki cha pembe ni shilingi ngapi. Nikamwambia hicho hakiuzwi, kiliniingia kwa 30,000.